Kioo Kisicho na Mlio

Asubuhi ile Mzee Hussen alikuwa akikipiga kioo, na mkewe Mboni alikuwa akikihurumia kioo kuliko mume. Paa! Paa! Kila herufi ilipata kofi lake. Meza ikatikisika, kikombe cha chai kikacheza, na kuku aliyekuwa akidonoa chini ya benchi akaondoka zake kwenda kutafuta amani kwa jirani.

"Baba Imani," Mboni akamwita huku akigeuza vitumbua, "huyo si nzi. Mguse tu."

"Nimemgusa! Hasikii!"

"Kwa makofi hayo atasikia vipi? Ameshakuwa kiziwi."

Baraza yao ya Mtanda, mjini Lindi, ilikuwa na wenyewe wawili. Upande wa jiko ulikuwa wa Mboni na chuma chake cha vitumbua. Upande wa mlango ulikuwa wa Mzee Hussen, na juu yake palitundikwa kibao: HUSSEN MPIGA CHAPA. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapigia watu chapa barua za mashamba, maombi ya kazi na kadi za harusi, kwa taipureta aliyotoka nayo kwenye kiwanda cha korosho siku kilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wakaambiwa kila mmoja ajue pa kwenda. Sasa ile taipureta ilikuwa imekata roho. Utepe wa wino haukupatikana Lindi, haukupatikana Mtwara, na Imani, binti yao muuguzi, aliutafuta Kariakoo nzima akachekwa. Ndipo akamtumia baba yake kwa basi kompyuta ya kugusa, mtumba lakini safi, kioo kitupu kama sinia. Vibonyezo vyake vilijichora vyenyewe ndani ya kioo ukivihitaji, na usipovihitaji vinakwenda zao. Mboni hakuvipenda kwa tabia hiyo.

Mteja wa kwanza wa kioo alikuwa Maftaha, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa anamwoza mwanawe Kondo. Alikaa kwenye benchi na karatasi yake ya maneno ya kadi, akanyoosha shingo kutazama kazi inavyokwenda. Akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Mzee Hussen, mbona harusi yangu ina kigugumizi?"

Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: HHAARRRUSSII.

"Inazoea mkono," Mzee Hussen akasema, jasho likimtoka.

"Inazoea mkono kwa kadi zangu? Hapana, baba. Mwanangu ndiye wa pekee." Maftaha akacheka, na kicheko chake kilikuwa na sauti ya kufika barabarani. "Hebu nivuke kwa Klementi. Yule kijana ana mashine zinazoongea Kiswahili."

Klementi alikuwa na steshenari ng'ambo ya barabara. Alikuwa kijana wa Kimakonde, mchangamfu, na hata Mzee Hussen hakuweza kumchukia kwa sababu kila asubuhi alivuka kuja kumwamkia. Lakini wateja walikuwa wakivuka kuelekea kule, na hawakurudi.

"Mama Kondo," Mboni akasema, akimfungia jirani yake vitumbua vya moto kwenye gazeti, "tuachie mpaka kesho. Kadi za ndugu zako wote si huyuhuyu ndiye aliyezipiga? Mzee hajashindwa. Amebadilishiwa jembe tu."

Maftaha akavipima vitumbua kwa mkono, akapima na ujirani. "Mpaka kesho," akasema. "Kesho jioni mimi na Klementi."

Alipokwenda, Mzee Hussen alikifunika kioo kwa kanga kama watu wanavyofunika maiti. Halafu akasema neno ambalo Mboni alikuwa akiliogopa mwezi mzima.

"Nimempigia simu ndugu yangu Mfaume. Nimemwambia atuezekee ile nyumba ya mama kule Rondo. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Kama kioo hiki kitanishinda, tunarudi shamba, na wala usibishe."

Mboni akageuza vitumbua alivyokwisha kuvigeuza. Rondo alizaliwa yeye, na Rondo hakuna ubaya: kuna muhogo, kuna mikorosho, kuna baridi nzuri ya asubuhi. Lakini vitumbua atamuuzia nani kule, nyani? Hapa Mtanda alikuwa na wateja wake, chama chake cha akina mama, na mashoga wa kumsengenya na kusengenywa nao. Miaka yote hiyo aliamka kwa harufu ya kahawa na mlio wa taipureta, tak-tak-tak-ting, na akajua kwamba nyumba ina watu. Mwezi huu wa ukimya ulikuwa umemchosha kuliko kazi. Hakutaka kwenda Rondo. Hakutaka kabisa, na alikuwa tayari kufanya lolote asiende, isipokuwa kumwambia mumewe.

Akiwa bado anasonya peke yake, mkono mrefu ukapita mbele ya uso wake ukachukua kitumbua.

"Wezi wameamka," akasema bila kuinua macho.

"Mtani haibi, anachukua chake," akajibu Mwalimu Ismael, mdomo umejaa. Ukoo wake na ukoo wa Mboni walikuwa watani tangu mababu. Kwa haki hiyo yule mwalimu mstaafu alikula kitumbua cha bure kila asubuhi ya Mungu, na Mboni kwa haki hiyohiyo alimtukana kila asubuhi.

"Kula, kula. Siku nitakayodai, utauza suruali."

"Siku utakayodai, mtani, nitalipa. Kwanza juma lijalo namwoza mpwa wangu, Somoe. Anaolewa na Kondo wa Maftaha hapo. Utakuja kuosha masufuria."

"Nitakuja kuyaiba," Mboni akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

*

Alasiri walimpigia Imani simu, wakaiweka mezani sauti juu.

"Baba, shikamoo. Kompyuta inasemaje?"

"Marahaba. Haisemi! Ndiyo shida yenyewe, haisemi. Nikigusa, kimya. Nitajuaje kama imesikia? Basi nagusa tena."

Kule Dar Imani akaangua kicheko. "Kumbe! Baba, wewe unapiga chapa kwa masikio!"

"Sasa watu wanapigia nini?"

Ilikuwa kweli, na Mboni alishangaa kwamba yeye, aliyeusikia mlio ule nusu ya umri wake, hakuliona jambo hilo. Mpiga chapa wa zamani hatazami mashine. Macho yako kwenye karatasi ya mwenyewe, vidole vinajua njia, na sikio ndilo msimamizi. Ukimpa kioo bubu ni sawa na kumfunga mpishi kitambaa puani asinuse chungu.

"Mama yupo? Mama, wewe una mkono mwepesi. Fungua vibonyezo. Umeona kialama kama gurudumu lenye meno? Kiguse. Hiyo ndiyo mipangilio."

Mboni akafuta unga kwenye kanga, akagusa kwa ncha ya kidole kama anayeonja mafuta ya moto. Kioo kikafunguka mlango mwingine, umejaa Kiingereza.

"Toba! Imeniletea kitabu kizima."

"Usiogope. Nisomee herufi za kila mstari."

Akamsomea, herufi moja moja, kwa matamshi ya Rondo, na Imani akawa anasema siyo, siyo, shuka, siyo. Walikuza vibonyezo vikawa vikubwa kama maandazi. Wakashuka tena.

"Hapo! Hiyo ndiyo sauti. Kisukume kile kidude kiende kulia."

Mboni akakisukuma. "Haya, Baba Imani. Jaribu. Taratibu, si kofi."

Mzee Hussen akanyoosha kidole kimoja, akagusa.

Tak.

Akagusa tena. Tak. Akamtazama mkewe. Akavuta kiti, akaweka vidole vyote mahali pake, akageuza uso akaielekea karatasi ya Maftaha, na vidole vikaanza safari yake vyenyewe: tak-tak-tak, tak-tak, tak-tak-tak-tak. Mboni alilazimika kugeukia jiko. Moshi, alijisemea, ingawa jiko lilikuwa limezimwa tangu saa nne.

"Baba, bado hatujamaliza," Imani aliita kwenye simu. "Mstari wa chini yake, ule wa kusahihisha maneno, nao tuuzi..."

"Inasahihisha?" Mzee Hussen akadakia, vidole vinaendelea. "Yenyewe? Bila kuambiwa?"

"Ndiyo, lakini baba, yenyewe inajua..."

"Mashallah! Kiwandani tuliomba msahihishaji mpaka kiwanda kikauzwa. Iache, mwanangu, iache! Mungu akubariki, hela yako ya simu inakwisha."

Akakata. Furaha ilikuwa imemzidi, na Mboni naye hakuwa na hamu ya kuuliza lolote. Kadi ilipigwa chapa kabla ya magharibi. Mzee Hussen akaitia kwenye flashi, akavuka nayo barabara kifua mbele hadi kwa Klementi, maana mashine ya kuprinti hakuwa nayo. Klementi akaziprinti kwenye karatasi ngumu za kumetameta. Hakusoma hata neno, kwa sababu kazi yake, kama alivyopenda kusema, ni kuprinti, na kusoma ni kazi ya mwenye kadi. Maftaha alizichukua akazigawa usiku uleule kwa watu, akifurahia mmeto.

*

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, Maftaha alirudi. Safari hii hakucheka. Alikuwa na kadi mkononi, na alitembea kama mtu anayeleta nyoka aliyemuua.

"Soma hapa, Mzee Hussen. Soma kwa sauti majirani wasikie."

Mzee Hussen akasoma. "Familia ya Bi Maftaha inayo furaha kukualika kwenye harusi ya mwanawe mpendwa, Kondo, na..." Akasimama.

"Na nani? Endelea!"

"Na... So-me-o-ne."

"Mimi nilidhani umekosea herufi, nikasema potelea mbali, wataelewa ni Somoe. Kumbe ni Kizungu! Kadi imefika kwa Mwalimu Ismael, mjomba wa binti. Unajua alichoniambia? Hilo neno maana yake ni 'mtu fulani'! Kondo anamwoa mtu fulani! Mtu tu, kaokotwa! Mwalimu kanirudishia kadi kwa mkono wake, kasema mpwa wake ana jina na ana ukoo, na harusi isimame mpaka ajue hii dharau imetoka wapi."

Kwa Wamwera kama wao, baba wa binti anaweza kukubali, mama akakubali, kijiji kizima kikakubali, lakini mjomba akisema hapana basi pilau hailiwi. Mboni alijua hilo vizuri. Akakaa kwenye gunia la mkaa.

"Mimi niliandika Somoe," Mzee Hussen akasema polepole. "Vidole vyangu havikosei jina la mtu. Ni hii. Maneno mengine imeyaacha, jina hili ikalidhania Kizungu, ikalisahihisha." Kisha akajirudi mwenyewe. "Hapana. Mwenye kazi ni mimi. Sikuitazama. Nilikuwa nasikia tak-tak, nikaona raha, sikuitazama."

Mboni hakuwahi kumwona mumewe amekuwa mdogo vile. Alikwenda kukishusha kibao chake mlangoni, akakifuta vumbi, akakiweka uso chini juu ya meza.

"Mama Imani, funga mizigo. Nikishamwomba radhi Mwalimu, kesho tunapanda gari la Rondo."

"Tutafunga," Mboni akasema akiinuka. Hasira ilikuwa imempanda sasa, na hasira ilimfaa kuliko machozi. "Lakini kwa Mwalimu hutakwenda peke yako. Mama Kondo, lete hiyo kadi. Na wewe twende."

*

Mwalimu Ismael aliwapokea kwenye ukumbi wa nyumba yake, mtaa wa Rahaleo, akiwa amevaa joho juu ya kanzu, jambo ambalo peke yake lilikuwa onyo. Walikaribishwa kwenye mkeka. Chai haikuletwa.

"Mwalimu," Mzee Hussen akaanza, kofia mkononi, "kadi nimeipiga mimi. Mama Kondo hana kosa wala mwanawe hana kosa. Kile kioo kilibadilisha jina nami sikutazama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Mzee Hussen, nakuheshimu. Lakini watu wameshazipata kadi. Kila anayejua Kiingereza mjini hapa anacheka. Mpwa wangu tangu jana hajatoka chumbani. Nimlee mimi, nimsomeshe mimi, siku ya heshima yake aitwe mtu fulani?" Ikaonekana wazi kwamba hakuwa na kiburi chochote, aliumia tu. "Nitawaambia nini wajomba wenzangu?"

Maftaha alikuwa akilia kwenye ncha ya mtandio. Mboni aliitazama kadi mapajani mwake. Kiingereza hakukijua. Kiswahili alikijua, na alilisoma lile neno kama alivyofundishwa kusoma shule ya msingi, silabi kwa silabi, akalisoma tena. Halafu akapiga kofi moja kubwa lililomshtua hata mumewe.

"Mtani!" akasema.

"Leo si siku ya utani, Mboni."

"Hakuna siku isiyo ya utani. Mtani anacheka mpaka makaburini, na siku ukifa wewe mimi nitalala ndani ya mwanandani wako mpaka nilipwe. Vitumbua vyangu unavyokula bure kila asubuhi umelipa lini?"

Mwalimu akavuta joho lake. Deni la utani halikataliki.

"Ulisema siku nitakayodai utalipa. Leo nadai. Nilipe kwa masikio yako. Umesoma sana, ndiyo maana hujui kusoma. Hiki si Kizungu. Soma kama mtu wa Lindi: some... one. Some, one!" Akainuka, akakishika kile kikadi juu kama anaonyesha kanga mpya. "Asiyejua, na asome! Asiyeamini, na aone! Kondo wa Maftaha kampata Somoe wa Mwalimu Ismael, asome, aone! Sasa hapo dharau iko wapi, mwizi wa vitumbua wee?"

Mwalimu Ismael alikaza uso. Aliukaza kwa juhudi kubwa, kwa sababu alikuwa mwalimu wa sarufi na moyoni alijua kwamba maneno yale yamekatwa vichwa. Lakini nyuma ya pazia la chumbani kikatoka kicheko, kicheko cha msichana aliyelia siku mbili na kuchoka, na sauti ya Somoe ikasema, "Mjomba, asome, aone!" Hapo uso wa Mwalimu ukapasuka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Maftaha, machozi hayajakauka, akapiga kigelegele ambacho kilivuka ukuta.

"Mtani," Mwalimu akasema alipopata pumzi, "hii ni sarufi ya wahuni."

"Basi nirudishie vitumbua."

Chai ikaletwa.

*

Siku ya harusi kadi zilezile ndizo zilizotumika. Akina mama wa Mtanda walimpeleka Kondo Rahaleo kwa ngoma, Mboni mbele amejifunga kanga kiunoni, na mwitiko wao ulisikika mpaka bandarini: "Asiyejua?" "Asome!" "Asiyeamini?" "Aone!" Somoe alipofunuliwa uso alikuwa anatabasamu waziwazi, na wazee wakajifanya hawakuona. Mzee Hussen alikaa karibu na Klementi. Kijana alimwapia kwamba tangu sasa atasoma kila anachoprinti, na Mzee akamjibu kwamba na yeye tangu sasa atatazama kila anachopiga, hivyo huenda wote wawili wakapata elimu.

Asubuhi yake Mboni aliwasha jiko akiwa na wasiwasi wake uleule. Mizigo ilikuwa imefungwa, kibao kilikuwa bado kimelala uso chini, na mumewe alikuwa ameiahirisha safari ya Rondo mpaka baada ya harusi tu. Alimsikia akitoka chumbani, akivuta kiti. Hakuthubutu kugeuka.

"Mama Imani," akasema, "ule mstari wa kusahihisha, wa chini ya sauti. Njoo uusukume urudi kushoto. Mimi mkono wangu mzito."

Mboni alikwenda akausukuma, unga na vyote, akaacha alama nyeupe kwenye kioo. Mzee Hussen hakuifuta. Kwenye benchi tayari alikuwa amekaa baba mmoja kutoka Ng'apa na karatasi yake, na kabla hata hajasalimia alisema anataka kadi za bintiye, tena ziwekwe lile neno la asome aone.

"Lile nimelifungia," Mzee Hussen akamwambia. "Hapa tunaandika majina ya watu." Lakini alisema akitabasamu, na akainuka kwenda kukitundika kibao.

Simu ya Mboni ikalia. Alikuwa Mfaume, shemeji yake, kutoka Rondo, anapiga kelele kama watu wa mahali penye mtandao mbaya.

"Shemeji! Paa nimemaliza! Makuti mapya, hayapitishi hata mwanga! Mnakuja lini?"

Mboni aliinyoosha simu kuelekea mlangoni, ambako vidole vilikuwa vimeshaanza. Tak-tak-tak. Tak-tak. Tak-tak-tak-tak.

Mfaume akasikiliza. "Loo! Taipureta imefufuka?"

"Imefufuka, shemeji."

"Kwa hiyo hamji." Akapumua. "Sasa hii nyumba nimeiezeka bure? Atakaa nani?"

Mboni alichota unga, akaumimina kwenye mafuta ya moto, akautazama ukiumuka.

"Mpe mtu tu," akasema. "Mpe Someone."